Yowe la Kuazima

Nilipostaafu ualimu wa shule ya msingi pale Pangani niliapa kwamba sitamfundisha wala kumtafsiria mtu tena kitu chochote. Miaka thelathini na minne nilikuwa nimewasomesha watoto wa watu Kiingereza ambacho wao hawakukitaka, na mimi mwenyewe kuna siku sikuwa na hakika nacho. Kiapo changu hakikumaliza miezi mitatu. Mama mmoja wa Kimarekani mwenye nyumba ndogo ya wageni kule Ushongo alimtuma mtu aniulize kama ningekubali kukaa na mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa na miaka themanini na tisa, mumewe ameshafariki, na binti hakutaka aendelee kuishi peke yake Amerika. Alitafutwa mwanamke mtu mzima mwenye Kiingereza na subira. Mdogo wangu alimjibu yule mjumbe kwamba Kiingereza ninacho, hiyo subira watajionea wenyewe.

Nilimkuta bibi mrefu, mwembamba, amevaa kofia pana ya ukindu, mgongo umenyooka kama anapimwa kimo. Alikuwa ameshajifunza neno moja la Kiswahili, nalo ni marahaba. Binti yake alimwambia kwa umri wake halihitajiki jingine, maana hapa kijijini hakuna ambaye hatampa shikamoo. Basi bibi akalipenda neno lile hata akawa hasubiri kuamkiwa. Mtu akichomoza tu kwenye kona, anapigwa marahaba. Walipigwa wavuvi, walipigwa wageni wa Kijerumani, alipigwa hata mbuzi wa jirani. Watu wa Ushongo ni waungwana, kwa hiyo walimpa shikamoo yake baadaye, wakimkimbilia nayo kama mtu anayelifukuza basi lililokwisha ondoka.

Kuhusu maisha yake aliniambia kwamba aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Sikuwa na sababu ya kutoamini. Tukipanda bajaji kwenda Pangani mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki njia nzima, na dereva akizidisha mwendo, bibi alimtazama kwenye kioo mpaka akapunguza mwenyewe. Tulielewana upesi, wote wawili tumemaliza ujana wetu tukiwaambia watoto wasio wetu wakae chini.

Ikafika siku akaja mgeni mmoja peke yake, mwanaume wa miaka sitini na kitu, kipara, Mmarekani vilevile. Asubuhi alikuwa mezani anakula mahamri, bibi akapita kwenda kuchukua chai yake. Yule bwana akainuka na hamri mkononi, akaanza kutokwa na machozi. Nilijua amepaliwa. Nikamkimbilia nikampiga mgongoni mara tatu, kwa nguvu, kama tulivyofundishwa kwenye semina ya huduma ya kwanza. Akawa analia huku anakohoa, ananionyesha kwa mkono kwamba niache, na mimi nikaelewa kwamba niongeze.

Alipopata pumzi alimuuliza bibi kama ndiye yeye. Akatoa simu, akatuonyesha picha. Kulikuwa na msichana wa gauni jeupe lililolowa, kichwa kimening'inia, nywele zimemwagika, amebebwa mikononi na pweza mkubwa kuliko mlango, na pweza mwenyewe amesimama kwa miguu miwili. Nikaitazama picha, nikamtazama bibi. Kidevu kilikuwa kilekile.

Bibi aliiangalia picha kama mtu aliyeonyeshwa kitambulisho chake cha zamani. "Viatu vile vilinibana," akasema, akaenda kuchukua chai yake.

Ndipo mchana ule, barazani, akanisimulia. Alizaliwa katika mji wa wakulima katikati ya Amerika, baba yake akiuza mbegu. Akiwa na miaka kumi na tisa walimchagua malkia wa mahindi. Nilidhani sikusikia vizuri, nikamwomba arudie. Malkia wa mahindi. Zawadi yake ilikuwa sanduku la safari, na kwa kuwa sanduku lilikuwa tupu na linaita, akatia nguo zake, akapanda treni kwenda Hollywood.

Huko alicheza filamu kumi na moja ndani ya miaka minane. Zilikuwa filamu za kutisha, za bei rahisi, na karibu zote zilihusu kitu kilichokua kupita kiasi: mara kiwavi, mara mmea, mara pweza. Katika filamu tisa kati ya hizo alibebwa. Alinieleza kubebwa ni kazi yenye ufundi wake. Unauachia mkono mmoja uning'inie, unailegeza shingo, na hata uhisi unaanguka usijishikilie, kwa sababu mtazamaji ataona na filamu itaharibika. Aliyekuwa ndani ya vazi la pweza alikuwa mpigana mieleka mstaafu mwenye goti bovu, na kila akipanda ngazi na bibi mikononi alimwomba radhi kwa kunong'ona. Alimwangusha mara mbili. Bibi alisema katika watu wote aliokutana nao kule, hakumwona mpole kumzidi yule pweza.

Alipofika miaka ishirini na saba wakamwambia sasa amekomaa, atafaa kuwa mke wa mtaalamu, yaani yule anayebaki nyumbani kusubiri simu mumewe akipambana na kiwavi. Alisubiri simu katika filamu mbili. Baada ya hapo akaona kusubiri simu ni jambo ambalo mtu anaweza kulifanya kwake. Akaolewa na fundi wa meno bandia, wakazaa binti, na wilaya yao ilipotangaza inataka madereva wa mabasi ya shule akaenda kujiandikisha.

Jioni ile mgeni akarudi na ombi. Saini alikuwa ameshapata, juu ya kofia yake. Alichotaka ni yowe. Alisema akiwa na miaka minane alilisikia kwenye televisheni ya shangazi yake, katika ile filamu ya pweza, akajificha nyuma ya kochi, na tangu siku hiyo ameitazama filamu ile zaidi ya mara arobaini. Alisema miongoni mwa watu wanaozipenda filamu za namna hiyo hakuna asiyelijua yowe lile. Alimwomba bibi kwa adabu sana, kama mtu anayeposa, apige mara moja tu, ili yeye alinase kwenye simu abaki nalo.

Bibi akamjibu kwamba koo linahitaji kupumzishwa kwanza, aje kesho baada ya chai. Jibu lilinipendeza. Mgeni alipokwenda, bibi akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo.

"Mwalimu," akasema, "lile yowe si langu."

Kumbe sauti yake, ikiingiwa na hofu au ikijifanya imeingiwa, ilitoka imekwaruza. Siku ile ya kupiga filamu ya pweza walijaribu mara kumi na mbili, mwongozaji akaishia kushika kichwa. Wakamwita mwanamke mmoja kutoka upande wa sauti, mfupi, ana kikapu cha kufuma. Akaweka chini ufumaji wake, akasimama mbele ya kipaza sauti, akapiga mayowe manne, akauliza kama yanatosha, akachukua kikapu akaondoka. Bibi kazi yake ilikuwa kupanua mdomo. Tangu hapo watu wamekuwa wakimpongeza, naye amekuwa akisema ahsante, kwa sababu mara ya kwanza hakupata nafasi ya kueleza, na baada ya mara ya kwanza ilikuwa vigumu.

Nikamwambia huenda sauti imetengemaa kwa uzee, ajaribu kidogo. Akajaribu. Nitasema tu kwamba mbuzi wa jirani aliitika.

Hapo ndipo akaniangalia kwa namna ambayo sikuipenda. Akasema mtu aliyefundisha shule miaka thelathini na minne hakosi sauti. Nikakataa. Nilimweleza mimi ni mjane, mtu wa ushungi na heshima zangu, wanafunzi wangu wengine leo ni wazee wa msikiti, sipigi mayowe nyuma ya milango. Bibi hakubishana. Alinitazama tu kama alivyowatazama wale waliokataa kukaa chini kwenye basi lake, na miaka ishirini na sita ya mazoezi si kitu cha mchezo. Asubuhi ya pili, saa tatu, nilikuwa nimesimama ndani ya stoo ya mashuka.

Mpango ulikuwa bibi akae barazani, dirisha la stoo liwe nyuma yake, kofia ya ukindu imfunike nusu ya uso. Mgeni akae mbele akiishughulikia simu yake. Bibi akiinua mkono kushika shingo, mimi nipige, yeye apanue mdomo. Alisema hilo la mdomo nisiwe na wasiwasi nalo, analiweza.

Mle stoo nikagundua kwamba tangu niwe mtu mzima sijawahi kupiga yowe. Nikajaribu kufikiria nyoka, haikutosha. Nikafikiria mwizi, nikaona hasira tu. Mkono wa bibi ukaanza kupanda. Ndipo nikamkumbuka mkaguzi wa shule, ile siku alipoingia darasani kwangu bila taarifa na watoto wote wakiwa wamelala, na mimi pia. Hapo yowe likatoka. Lilitoka kutoka mahali nisipopajua, refu, jembamba, likapanda, nikadhani limekwisha, likapanda tena.

Nilichosahau ni kwamba sikuwa Hollywood. Huku kwetu yowe la mwanamke si burudani, ni mwito. Atakayelisikia akabaki amekaa atasemwa hata siku ya maziko yake. Wa kwanza kufika alikuwa mpishi na mwiko wake. Wakafuata wanaume waliokuwa wakishona nyavu, mmoja ana kasia, wawili wana mapanga. Wakaja akina mama waliokuwa kwenye mwamba wakichokoa pweza, na nondo zao mkononi na maji yakiwachuruzika. Mzee mmoja alileta ndoo ya maji, yeye alijua ni moto. Haikupita muda baraza ikajaa. Walichokiona ni mwanaume mgeni, kipara, amesimama mbele ya bibi kizee aliyejishika shingo na mdomo uko wazi.

Bibi akafunga mdomo. Akawatazama wote, wenye mapanga na wenye nondo. "Marahaba," akasema.

Kasia lilikuwa limeshainuliwa. Sikuwa na la kufanya ila kutoka stoo, utando wa buibui kwenye ushungi, nikisema jamani hakuna kitu.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mmoja wa wale washona nyavu. Ni mtu mtulivu, akawakalisha watu mchangani, akavuta kiti, akataka kujua nani amepiga yowe na kwa nini. Aliniuliza mimi, kwa vile ndimi nijuaye lugha zote mbili. Na mimi ndiye niliyekuwa mshitakiwa, ingawa hilo alikuwa bado hajalijua.

Mgeni akanigeukia, jasho linamtoka, akauliza mwenyekiti anasema nini. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba mwenyekiti anamkaribisha Ushongo. Mwenyekiti akauliza mgeni amejibu nini. Nikamwambia mgeni anasema ameshakaribia. Mwenyekiti akalitazama panga, akamtazama mgeni, akasema mbona anakaribia huku anatetemeka. Nikaanza kueleza habari ya baridi ya asubuhi. Ilikuwa mwezi wa pili.

Bibi akainuka. Alisimama bila fimbo, akavua kofia, na akasema kwa Kiingereza, polepole, huku akimwangalia yule bwana na si mtu mwingine: "Sauti uliyoipenda haikuwa yangu hata siku moja. Ya leo ni ya mwalimu."

Akaeleza yote, tangu mwongozaji kushika kichwa mpaka mashuka. Mimi nikawatafsiria watu sentensi kwa sentensi, na safari hii nilitafsiri sawasawa, kwa sauti iliyokuwa imekwisha kukauka, ikikwaruza kama yake.

Yule bwana akaitia simu mfukoni. Nilimwonea huruma. Nilitaraji atakasirika, na angekuwa na haki. Mwishowe aliuliza huyo mwanamke alikuwa nani. Bibi hakujua jina lake. Alijua tu alikuwa anafuma sweta ya mtoto, rangi ya kijani. Bwana akaliomba hilo mara ya pili, akaliandika kwenye karatasi. Kisha akasema kumbe ana watu wawili wa kuwashukuru, na huyo wa pili hajui amtafute wapi.

Mwenyekiti alipotafsiriwa alisema haoni kosa la mtu. Ila watu wameacha nyavu na wengine wameacha mwamba maji yakiwa yamekupwa vizuri, kwa hiyo ni haki yao kukiona kitu walichokimbilia. Mgeni filamu alikuwa nayo kwenye kompyuta. Ikakubaliwa ionyeshwe kwenye kibanda cha video, Jumamosi, baada ya sala ya alasiri.

Kibanda kilijaa mpaka nje. Kijana wa watu anayetafsiri filamu pale, ambaye huku tunamwita DJ, alikaa na kipaza sauti chake kama kawaida. Mimi nilikaa na bibi kwenye benchi la katikati, nikimnong'oneza kwa Kiingereza yale aliyokuwa akiyasema DJ. Ilinichukua dakika mbili kutambua kwamba DJ hajui Kiingereza hata kidogo.

Pale mtaalamu aliposimama mbele ya ramani, bibi alikumbuka maneno yenyewe: mabomu yamevuruga vilindi vya bahari. DJ akasema huyu pweza ametumwa na shemeji yake mtaalamu kwa ajili ya shamba la minazi. Watu wakatikisa vichwa, wanaijua kesi ya namna ile. Nilipomtafsiria bibi, akawaza kidogo, akasema ni sababu nzuri kuliko ya kwao. Katika filamu ile bibi alikuwa karani, na kazi yake kubwa kabla ya kubebwa ilikuwa kuleta kahawa. Alipoiweka mezani, DJ akabana sauti: "Kahawa yako hiyo, lakini mimi na wewe tuna mazungumzo." Akina mama wakapiga vigelegele. Bibi akaniambia katika filamu zote kumi na moja hajawahi kupewa maneno mazuri kama hayo.

Kisha pweza akatoka majini. Sasa safu tatu za mbele walikuwa ni wale akina mama wa mwamba, watu ambao wamechokoa pweza tangu utotoni. Kukawa kimya cha kitaalamu. Mmoja akasema ana magoti. Mwingine akahesabu mikono akapata sita, wakabishana kama miwili iliyopungua imeliwa na mkunga, yule samaki kama nyoka, au ni aina nyingine ya huko kwao. Alipombeba bibi wakaanza kumwelekeza msichana wa kwenye filamu: ampindue kichwa. Hivyo ndivyo pweza anavyouawa, unaingiza kidole unakipindua kile kichwa kama soksi, kwisha habari. Msichana akazirai. Mama mmoja mnene aliyekaa mbele yetu akageuka, akampa bibi shikamoo kwanza, kisha akaniomba nimuulize kwa nini alizirai wakati kichwa kilikuwa pale pale karibu na mkono wake.

Niliuliza. Bibi alilifikiria swali kwa uzito wake.

"Hakuna aliyeniambia," akajibu.

Mama yule akasema pole, na alimaanisha.

Lilipofika yowe, DJ aliweka kipaza sauti chini. Sijui alijuaje. Ndiyo mara pekee filamu ilipoachwa iseme yenyewe. Lilijaa mle kibandani, kwenye makuti, mpaka kuku waliokuwa nje wakatulia. Mgeni alikuwa amefumba macho. Bibi naye hakuwa akijiangalia kwenye kioo cha televisheni, alikuwa akisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja. Lilipokatika, yule mama mnene akanigeukia. Akaniambia la kwangu halikuwa baya, mwalimu, nisivunjike moyo, ila huyu mama alizidi.

Mgeni aliondoka baada ya siku mbili. Sauti yangu ilichukua zaidi ya wiki kurudi, na binti wa bibi aliniambia waziwazi kwamba hakuniajiri kwa shughuli hiyo. Miezi kadhaa baadaye yule bwana alileta ujumbe kwenye simu yangu. Alikuwa ameandikia watu, ameulizia kwa wazee waliofanya kazi za sauti zamani, hajampata mwenye sweta ya kijani. Aliuliza kama bibi anakumbuka lolote zaidi.

Nilimsomea ujumbe barazani. Akageuza macho upande wa jikoni. Kisha akaniambia niandike. Yule mwanamke alikuwa ameukata uzi kwa meno kabla ya kuinuka, na alikuwa na pengo la juu. Alikuwa akiwahi kumchukua mtoto shuleni saa tisa, na wakati anaondoka ilikuwa imeshapita, kwa sababu walimtaka apige mara nne.

"Na hilo la mara nne uliandike," akasema. "Ya kwanza ilikuwa inatosha."